Namna ya kuangalia pitcha kijana na kujua kama atabaki ao atapotea

Batu ba Goma benye banafuataka beziboli hatuko mingi, na kila mwaka ni story ile ile: kunatokea kijana moja kule Marekani anatupa kilometa 160 kwa saa, video yake inazunguka kwa bagrupu ya WhatsApp, na ata mutu mwenye hajui straiki ni nini anaandika "huyu njo mukubwa kupita bote". Kisha miaka mbili tatu hakuna mwenye anamutaja tena. Basi naandika hapa vile miye naangaliaka, juu batu bananiulizaka na kujibu moja moja inachosha.

Msimamo yangu nauweka mbele kabisa. Kasi inaonesha tu kama ekipe kubwa itamuchukua. Kama atadumu, hiyo unaisoma kwingine: kwenye glavu ya kecha (mwenye anakamata mupira), kwenye muguu yenye inatangulia mbele, na sana sana kwenye zile sekunde chache kisha kitu kumuharibikia. Talanta iko mingi duniani, roho ya kuibeba njo haba.

Kwa mwenye ni mugeni, haraka haraka: pitcha, njo mwenye anatupa mupira, anasimama kwenye kilima kidogo ya sentimeta 25, mita 18.44 kutoka kwa mupigaji, na mupira yenye inatoka na kilometa 153 kwa saa inafika kwa karibu sekunde 0.4. Straiki ni mupira yenye imepita ndani ya kisanduku, kutoka magoti mpaka kifua ya mupigaji, ao yenye mupigaji amekosa na gongo. Straiki tatu mupigaji anatoka, boli mbaya ine anapewa beisi (kituo ya kukimbilia) ya bure. Hiyo "ya bure" uikamate muzuri, tutairudilia.

Saa na mega

Mechi mingi ya New York, Boston ao Philadelphia inaanza saa 19:05 ya kwao, hapa kwetu inakuwa saa saba ya usiku na dakika tano, juu wakati wa joto yao tunabapita masaa sita. Za California inakuwa saa kumi ya alfajiri, hiyo achia bazamu. Lakini jumapili bana mashariki yao banachezaka muchana, kama 13:05, hapa ni saa moja ya magaribi, mutu ungali macho, na kura (umeme) ikikuwa iko una bahati mbili.

Kama mega ni kidogo usiangalie video mechi muzima. MLB, ile ligi kubwa ya Marekani, iko na ukurasa ya Gameday yenye inakuonesha kila mupira sawa ka-pointi ndani ya kisanduku, na kasi yake, na aina yake, inakula mega kidogo sana. Miye nafanya hivi: nasoma kwa Gameday, video nafungula tu kwa iningi (zamu, mechi iko nazo 9) ya kwanza, na kwa ile iningi yenye mambo imeharibika. Hizo mbili inatosha, zingine unaweza kulala.

Namba za kusoma mbele ya kumuangalia

Usianze na kasi. Anza na miaka yake, kisha batu wangapi ametoa kwa straiki tatu, kisha batu wangapi amebapa beisi ya bure. Gawa zile za straiki kwa zile za bure. Kwangu mutoto mwenye eko na tatu na kwenda juu, naketi naangalia. Chini ya mbili, ata atupe moto, nangoja.

Juu ya nini miaka? Juu mutoto wa miaka 19 mwenye anacheza na banaume ba miaka 30 na anabatoa, huyo si sawa na wa miaka 26 mwenye anafanya ile ile. Dwight Gooden wa ekipe ya Mets aliingia 1984 eko na miaka 19, akatoa batu 276 kwa straiki, rekodi ya mutu wa mwaka wa kwanza tangu 1900 na mpaka leo haijavunjwa. Mwaka yenye ilifuata alishinda mechi 24 akapoteza 4, na ERA yake ilikuwa 1.53 (ERA ni pointi ngapi pitcha anaachilia kwa kila iningi 9, ikiwa chini ya 3 ni muzuri sana). Akapewa Cy Young (zawadi ya pitcha bora wa mwaka) na miaka 20, hakuna mwenye aliipata mudogo kuliko yeye. Kama uko na muda ya kujifunza mutoto moja tu, jifunze huyu, juu mwanzo yake ni ya kutisha na vile ilienda kisha ni fundisho ya ingine, nitafika pale.

Na upande ya pili uko na Steve Dalkowski. Huyu haukumusikia juu hakucheza ata mechi moja ya ligi kubwa, lakini batu benye balimuona miaka ya 1950 na 1960 banasema hakuna mwenye alitupa na nguvu kumupita. Mwaka 1960, kule Stockton, kwa iningi 170, alitoa batu 262 kwa straiki. Na alibapa beisi ya bure batu 262. Namba ile ile! Gawa uone: moja. Mukono ya ajabu kabisa na pointi zinaingia bila mutu kupiga mupira. Mwaka 1962 kochi Earl Weaver akamurahisishia kazi, zile za bure zikapunguka, sasa njo mutu alikuwa anazaliwa, na mwanzo wa 1963 mukono ikaharibika. Kila mara mutu ananitumia video ya kasi, miye nafikiriaka ile 262 na 262.

Glavu

Sasa umefungula video. Wote banaangalia mupira. Wewe angalia kecha, yule mwenye amechuchumaa nyuma ya mupigaji. Mbele pitcha hajatupa, kecha anaweka glavu pahali fulani: huyo anaomba mupira pale. Swali ni moja tu, glavu ilitembea kiasi gani mpaka kukamata? Kama ilibaki pale pale ao ilisogea kidogo tu, pitcha eko na mukono yenye inatii. Kama kecha anaruka kushoto, anaruka kuume, anaanguka magoti, ile kilometa 160 haina kazi.

Bakecha ba siku hizi banashusha glavu chini kabisa kisha banaipandisha, ni ufundi yao ya kumudanganya refa kidogo, isikuchanganye. Angalia pale glavu ilikuwa wakati mupira inatoka kwa mukono, hapo njo unaanza kuhesabu. Kwa iningi moja tu utakuwa umeshajua mingi.

Greg Maddux alifanya maisha yake yote na hii. Hakuwa na kasi ya kushangaza mutu, hakuwa mukubwa wa mwili, na alishinda mechi 355 na Cy Young ine kwa kufuatana, 1992 mpaka 1995. Kama ungemuchagua kwa radari, ile mashini ya kupima kasi, ungemuacha nje.

Muguu ya mbele

Hii njo batu banaruka. Kila pitcha anapiga hatua moja kubwa mbele ya kutupa, na ule muguu unaanguka pahali. Ukianguka pahali pale pale kila mara, mukono nayo itafika pahali pale pale kila mara. Ukianguka leo hapa kesho kule, hakuna kochi atamusaidia mpaka muguu itulie kwanza.

Randy Johnson eko na sentimeta 208, jaribu kuwazia mutu ule urefu akikutupia mupira. Mwaka 1990, 1991 na 1992 njo yeye aliongoza ligi yake yote kwa kutoa beisi za bure, miaka tatu kufuatana, batu banacheka. Kisha Nolan Ryan, mwenye alikuwa kwa ekipe ya maadui, pamoja na kochi Tom House, bakamuambia: unaangukia kisigino, ndiyo maana mwili inakimbilia pembeni. Kintu kidogo vile. Akabadilisha, na kisha akabeba Cy Young tano, akatoa batu 4875 kwa straiki, na mwaka 2004, eko na miaka 40, akacheza mechi ya ukamilifu, batu 27 wote chini bila moja kufika beisi. Kwa hiyo mutoto murefu sana mumupe muda, viungo byake biko mbali na kichwa, usimuhukumu na miaka 22.

Kisha kuharibika

Hapa njo pahali yangu, na hapa niko mukali kuliko pengine.

Temperamenti ya pitcha haionekane wakati anashinda. Ni sawa na golikipa: ile siku ekipe yake inaongoza tatu kwa sifuri kila mutu eko na roho nguvu, Kidiaba ule wa Mazembe alikuwa anaruka na matako na kiwanja yote inacheka, lakini golikipa unamujua kisha kuingiziwa goli ya ovyo, hapo unaona kama mabega yanashuka ao anachukua mupira anarusha mbele. Pitcha ni ile ile. Ngoja apigwe home run (mupira inaruka mpaka inje ya kiwanja). Ngoja mwenzake aangushe mupira mwepesi. Ngoja refa akatae straiki ya wazi. Sasa usiangalie mupira yenye imepita, angalia yenye inafuata.

Kuko bintu tatu natafuta. Anaharakisha? Tangu 2023 kuko saa ya kuhesabu, sekunde 15 kama beisi ziko wazi, na kama kuko mutu kwa beisi sasa ni 18, kwa hiyo mutu mwenye anatupa na sekunde 10 zingali amekasirika, hajafikiri. Ya pili: anatupa na nguvu zaidi? Kijana mingi akipigwa anataka kuonesha, kasi inapanda na kipimo inapotea, ile mupira inaenda katikati na anapigwa tena. Ya tatu: kecha akimufuata kumusemesha, anamuangalia kwa macho ao anaangalia chini? Nimeshaona bijana ba talanta kubwa benye hata kwa hii ya tatu banajulikana.

Sasa usichanganye ukali na roho nguvu. Bob Gibson alikuwa mukali, macho tu ilitisha bapigaji, na mwaka 1968 ERA yake ilikuwa 1.12, namba ya kichaa, mpaka bakubwa ba ligi bakapunguza urefu wa kilima mwaka yenye ilifuata, kutoka inchi 15 mpaka 10. Ule ukali ilimutumikia. Lakini kuko mukali mwenye ukali inamutawala. Roger Clemens, mutu alitoa batu 20 kwa mechi moja, na alifanya hiyo mara mbili, 1986 na 1996, kwa fainali ya 2000 alichukua kipande ya gongo yenye ilivunjika akairusha upande ya mupigaji Mike Piazza mbele ya dunia yote. Hapo utasema nini.

Na usichanganye kimya na uoga. Zack Greinke aliacha kambi mwanzo wa 2006 juu ya wasiwasi mukali wa kukutana na batu, ugonjwa ya kweli, mingi bakasema amekwisha. Akatunzwa, akarudi, na 2009 akabeba Cy Young na ERA ya 2.16. Huyu kwa macho ya mutu wa kiwanja ungemuandika "roho dhaifu", na ungekuwa umekosa kabisa.

Kama unataka jina moja la kuweka kwa kichwa ni Roy Halladay. Mechi yake ya pili tu ya ligi kubwa, 1998, alikaribia kumaliza bila mupigaji ata moja kufanikiwa, alikuwa amebakiza mutu moja. Ahadi gani kubwa kupita hiyo? Miaka mbili kisha, mwaka 2000, ERA yake ilikuwa 10.64, ni aibu, sijui vile nitakueleza, ni namba ya mutu mwenye banamufukuza. Bakamushusha mpaka ligi za chini, kwa batoto, bakabomoa namna yake ya kutupa, bakaijenga upya, mukono ikawa inatokea chini kidogo. Alikubali. Kijana mwenye alishaitwa nyota, akakubali kuanza upya na batoto. Akabeba Cy Young 2003, ingine 2010, na mwaka ule ule wa 2010 akacheza mechi ya ukamilifu mwezi wa tano, na mwezi wa kumi akamaliza mechi ya mtoano bila kupigwa ata hit moja (pigo yenye inamufikisha mupigaji kwa beisi). Hiyo njo naita temperamenti.

Kinyume yake inaumiza kuisema. Rick Ankiel, miaka 21, mukono ya kushoto yenye kila mutu aliipenda, mwezi wa kumi 2000 bakamupa mechi ya kwanza ya mtoano, na kwa iningi moja, ile ya tatu, akatupa mipira tano za kupotea kabisa, kecha hawezi ata kuziona. Haikurudi tena ile mukono. Lakini ona vile roho ya mutu iko: aligeuka, akajifunza kupiga, na 2007 akarudi ligi kubwa kucheza nyuma ya kiwanja. Basi kumuita dhaifu siwezi. Nasema tu kichwa inaweza kufunga mukono, na hakuna radari inapima hiyo.

Mupira ya pili, na hewa ya Goma

Kasi peke yake bapigaji ba ligi kubwa banaizoea. Mara ya kwanza anawatoa, mara ya pili banaigusa, mara ya tatu kwa mechi ile ile banaipiga. Kwa hiyo ukiona kijana, ngoja ile mara ya tatu, kama iningi ya tano ya sita, uone eko na nini ingine. Pedro Martínez alikuwa na sentimeta 180 tu, ekipe yake Dodgers bakaona mwili yake ni mudogo, hautabeba kazi ya kuanza mechi, bakamubadilisha na Delino DeShields mwisho wa 1993. Mwaka 1999, kule Boston, alitoa batu 313 kwa straiki na beisi za bure alibapa batu 37 tu, gawa mwenyewe. Alikuwa na kasi, ndiyo, lakini alikuwa na chenjiapu: mukono unakuja na mbio ile ile, mupira unakuja polepole, mupigaji ameshazungusha gongo mbele mupira haijafika. Kwa kijana, natafuta ile kuliko mupira ya kupinda. Chenjiapu inahitaji mutu mwenye anaamini, juu unatupa polepole na makusudi mbele ya mutu mwenye anataka kukuua.

Na hapa kintu moja ya kwetu. Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na Denver, kule Rockies banacheza, iko mita 1600 na kidogo. Hewa ni nyepesi, mupira inapinda kidogo na ikipigwa inaruka mbali, ndiyo maana pitcha wa Denver banamuonea huruma. Basi ukiangalia pitcha kijana ameharibikiwa kule Denver, usimutupe, angalia mechi yake ya pahali pengine. Na ukimufundisha mutoto hapa Himbi ao Katindo mupira ya kupinda na unaona haipinde sana, pengine si kosa yake, ukimushusha kandokando ya bahari itapinda zaidi.

Siku ya kwanza isikulevye

Tarehe 6 mwezi wa tano 1998, Kerry Wood wa ekipe ya Cubs, miaka 20, mechi yake ya tano tu, alitoa batu 20 wa Houston kwa straiki. Hit moja, bure sifuri. Mipira 122. Kuko benye banasema ni mechi kubwa kupita zote pitcha alishacheza, na siwakatalie. Mwaka yenye ilifuata hakucheza ata mechi moja, alikuwa amepasuliwa kiwiko.

Stephen Strasburg, tarehe 8 mwezi wa sita 2010, mechi yake ya kwanza, batu 14, bure sifuri. Mwezi wa kumi hakuwa uwanjani, kiwiko, upasuaji ule ule. Ule upasuaji unaitwa Tommy John, jina ya pitcha mwenye daktari Frank Jobe alimufanyia mara ya kwanza 1974, banachukua mushipa kutoka pahali pengine ya mwili banaufunga ndani ya kiwiko, na kupona ni mwaka muzima na zaidi. Strasburg alirudi, na 2019 akachaguliwa mutu bora wa fainali, akapewa mkataba ya dola milioni 245, na kisha ya hapo akacheza mechi 8 tu kwa maisha yake. Mark Prior, Cubs, mwaka 2003 mechi 18 za ushindi na batu 245 kwa straiki, kila mutu alisema namna yake ya kutupa haina kosa, 2006 alikuwa amemaliza na miaka 25.

Hawa watatu hawakukosa talanta, na roho hawakukosa. Kiwiko njo ilikataa. Basi mutu akikuuliza huyu kijana atakuwa mukubwa, ongeza swali: banamutupisha mipira ngapi, na banamupumzisha siku ngapi? Na Gooden, nilisema nitarudi: mukono yake haikuvunjika mapema, maisha ya inje njo ilimukamata, 1987 bakamukuta na kokeini. Alikuwa kijana mupole, munyamavu, hakuna kitu kwa kilima ingekuonya. Alirudi, ata alicheza mechi bila hit 1996, lakini ule wa 1985 hatukumuona tena. Pale kwa temperamenti ongeza batu benye banamuzunguka. Kwa televizyoni hauioni, lakini kwa mutoto wa kartye yako unaiona muzuri sana.

Na kama ni mutoto wa hapa

Juu swali ya kweli yenye bananiulizaka ni hii: "niko na mutoto wa ndugu, anatupa mawe anaangusha avoka kwa muti, hawezi kuwa pitcha?" Anaweza, kwa nini asiweze. Lugazi ya Uganda, jirani yetu hapa tu, 2012 bakawa ekipe ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia ya batoto kule Williamsport, na bakashinda ekipe ya Oregon 3 kwa 2. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akafika ligi kubwa 2017. Si pitcha, lakini njia iko.

Lakini mawe hapana. Mawe ya volkano inakata vidole na kila moja iko na uzito yake, mukono haijifunze kitu. Tafuta mupira, ya kweli ina gramu 142 mpaka 149, ukikosa chukua ya tenisi, ni nyepesi lakini ni duara. Pima hatua mita 14 kwa mutoto wa miaka 12 na chini, hiyo njo umbali yao, mita 18.44 ni ya bakubwa. Tundika gunia tupu kwa ukuta, chora kisanduku na makala, urefu kutoka magoti mpaka kifua yake. Acha ajipashe joto polepole, kisha atupe kumi. Usimuambie atupe na nguvu, muambie apige kisanduku.

Sasa angalia chini. Udongo yetu nyeusi hapa Goma inaweka alama muzuri: kisha mipira kumi, nyayo ya muguu ya mbele iko moja ao iko kumi? Kama ziko zote pahali moja, ndugu, uko na mutoto.

Kisha mukasirishe kidogo. Siyo kumutukana, hapana. Weka kaka yake nyuma amucheke, ao wewe muzee useme "hiyo haikuingia" na yeye anajua iliingia. Angalia mupira yenye inafuata, kama vile nilisema. Mwenye anarudia kisanduku bila kusema kitu namupenda. Mwenye anabishana kisha anarudia kisanduku namupenda vile vile. Mwenye anatupa na hasira mpaka mupira inaruka ukuta ya jirani, huyo bado mudogo, ngoja mwaka.

Mupira ya kupinda usimufundishe mbele ya miaka 13, ata akuombe na machozi; kasi na chenjiapu tu. Akisema upande ya ndani ya kiwiko inauma, mnaacha siku ile ile, hamumalizi "hizi tano tu", na kama inaendelea mupeleke kwa daktari. Kwa hesabu, MLB na USA Baseball banaweka sheria yenye inaitwa Pitch Smart na naifuata bila kubishana: miaka 9 na 10, mipira 75 kwa siku na hakuna kupita, 11 na 12, mipira 85, 13 mpaka 16, mipira 95. Mutoto wa miaka 14 na chini akitupa 20 ao chini anaweza kutupa tena kesho, 21 mpaka 35 anapumzika siku moja, mpaka 50 siku mbili, mpaka 65 siku tatu, 66 na kwenda juu siku ine. Na kila mwaka apate myezi ine bila kutupa kabisa, mbili ao tatu ya kufuatana.

Wakati anapumzika mukono acheze mupira wa miguu, akimbie, aogelee. Na siku yenye alitupa asiwekwe kecha kwa mechi yenye inafuata, juu kecha anarudisha mupira kila mara na mukono haijue kama unamupumzisha.